P2 na Vidonge vya Kutoa Mimba: Hesabu Siku Kwanza

Kwenye dirisha la duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Likoni, Mombasa, kuna swali ambalo wanawake huniuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine yote: "Dokta, hii P2 si ndiyo kutoa mimba?" Wengine wameshika pesa mkononi na bado hawajaamua kulipa. Wanaogopa dhambi, wanaogopa kushtakiwa, wanaogopa mama atasema nini akiiona pakiti kwenye mkoba. Na wakiwa wanasitasita hivyo, saa zinakwenda, na saa ndizo zinazoamua kama dawa hii itafaa kitu.

Jibu ni hapana. P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba isitungwe baada ya kukutana kimwili bila kinga; haitoi mimba. Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu mkanganyiko wake una upande wa pili unaoumiza zaidi. Huja dada aliyekosa hedhi miezi miwili, akaomba pakiti tatu za P2 ameze kwa pamoja, akiamini mimba itatoka. Haitatoka. Atapoteza pesa na, kibaya zaidi, atapoteza wiki nyingine akisubiri damu isiyokuja, wakati angekuwa ameshaonana na daktari.

Anza na kalenda

Kabla ya kununua chochote, fungua kalenda kwenye simu ujiulize mambo mawili. Mlikutana kimwili lini, siku gani na kama saa ngapi? Na hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?

Kama mlikutana ndani ya siku 5 zilizopita, na hedhi yako haijachelewa, wewe ni mtu wa P2 au koili, yaani kifaa cha shaba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Usisubiri kesho. Kama hedhi imeshachelewa, P2 haina kazi tena kwa lile lililokwisha kutokea. Nunua kipimo cha mimba kwanza. Na kama siku 5 zimepita lakini hedhi bado haijafika wakati wake, hapo hakuna kidonge cha dharura cha kukusaidia. Subiri mpaka zitimie wiki 3 tangu siku ile mliyokutana, kisha upime. Ninajua wiki 3 ni ndefu kwa mtu ambaye halali usiku. Lakini kipimo kinachofanywa mapema mno hukupa jibu la uongo, kwa sababu homoni kinachoitafuta kwenye mkojo huanza kutoka pale tu mimba inaposhika kwenye mfuko wa uzazi.

Watu wengi hufikiri mimba hutungwa usiku uleule. Ndiyo maana humwona anayemeza P2 asubuhi kama anayekitoa kitu ambacho tayari kipo. Mwili haufanyi hivyo. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilisubiri yai. Yai lenyewe likishatoka huishi siku moja tu, na pengine hata siku haliimalizi. Kwa hiyo aliyekutana na mwenzake Jumamosi anaweza kushika mimba Jumatano. Siku hizo za katikati ndizo siku za P2.

Dawa iliyomo ndani yake inaitwa levonojestreli. Pakitini utaona imeandikwa levonorgestrel. Yai hutoka pale ubongo unapopeleka homoni nyingi kwa ghafla kuliamuru litoke, na levonojestreli huizuia amri hiyo isifike kwa wakati. Sisi wa Likoni tunaielewa hali hii vizuri: feri ikichelewa kung'oa nanga ng'ambo, wanaoisubiri huku hukaa mpaka wakachoka na kuondoka. Yai likicheleweshwa siku kadhaa, mbegu hufa zikilisubiri. Lakini feri ikishafika gatini huwezi tena kuichelewesha, na yai likishatoka, P2 haina la kufanya. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuimeza mapema na kwa usahihi kabisa, na bado akashika mimba. Dawa haikuwa feki, ila ilimkuta yai limeshatoka.

Na kama mimba ilikuwa tayari imeshika kabla ya kumeza, P2 haiitoi wala haimdhuru mtoto. Zamani makaratasi ya ndani ya pakiti za dawa za aina hii yalisema huenda zinazuia yai lililorutubishwa lisishike kwenye mfuko wa uzazi, na sentensi hiyo imewapa watu wa dini wasiwasi mkubwa. Mwezi Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyaondoa maneno hayo kwenye maelezo ya Plan B, ambayo ni levonojestreli ileile, kwa kuwa ushahidi hauyaungi mkono. Ukikutana na karatasi ya zamani, au na mtu anayeinukuu, ujue ilikotoka.

Namna ya kuitumia P2

Jina hili limetokana na Postinor-2, lakini madukani kuna majina mengi, hivyo usitazame rangi ya boksi. Tazama dawa na kiasi. Unachotafuta ni levonojestreli miligramu 1.5 kwa jumla. Pakiti nyingine zina kidonge kimoja cha 1.5, nyingine zina viwili vya 0.75. Vikiwa viwili, vimeze vyote kwa pamoja. Yale maelekezo ya kumeza kimoja leo na kingine baada ya saa 12 ni ya zamani. Hufanya kazi, lakini watu husahau cha pili, au hulala.

Huna haja ya kuacha kula. Ukiwa na tumbo jepesi, kula kitu kwanza ili kichefuchefu kisikusumbue. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudi dukani umeze tena kiasi kilekile. Ukitapika baada ya hapo, dawa imeshaingia mwilini.

Pakiti nyingi zinasema saa 72. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi saa 120, yaani siku 5, lakini nguvu hupungua kila unapochelewa. Usiichukue saa 72 kama ruhusa ya kusubiri mpaka siku ya tatu. Ukiipata leo saa nne asubuhi, imeze leo saa nne asubuhi. Kwa mujibu wa shirika hilohilo, katika kila wanawake 100 wanaoitumia, wanaoshika mimba ni kati ya 1.2 na 2.1.

Sasa kuna mambo ambayo ningependa uniambie bila mimi kukuuliza, hata kama foleni iko nyuma yako. Niite pembeni, nitakuja. Niambie kama unatumia dawa za TB zenye rifampisini, dawa za kifafa kama fenitoini au kabamazepini, au ARV zenye efavirenzi. Dawa hizi huifanya levonojestreli iishe upesi mwilini kabla haijafanya kazi yake, na itabidi tuzungumze kuhusu kiasi kikubwa zaidi au, bora, koili. Wengi walio kwenye ARV siku hizi wanatumia zile zenye dolutegraviri, na hizo hazigombani na P2. Uzito pia una maana: kwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, P2 huweza kuwa dhaifu. Simwambii mtu hivyo kumwaibisha. Namwambia ili ajue kuna njia yenye nguvu zaidi kwake.

Njia hiyo ni koili ya shaba, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kitanzi. Ikiwekwa na muuguzi au daktari ndani ya siku 5 tangu mlipokutana, huzuia mimba kwa zaidi ya 99 kwa mia, na haijali uzito wala dawa nyingine unazotumia. Shaba huziharibu mbegu zisilifikie yai. Na ukitaka, unaiacha hapohapo ikukinge hata miaka 10. Inanisikitisha kwamba ni wachache mno wanaotajiwa koili wakiwa katika dharura. Kipo pia kidonge cha ulipristali cha miligramu 30 kinachofanya kazi vizuri hadi saa 120. Kwetu si rahisi kukipata, lakini ukiandikiwa, usikikatae.

Anayenyonyesha anaweza kumeza P2. Na hapana, haikufanyi tasa. Uwezo wako wa kuzaa hubaki palepale, na kwa kweli hapo ndipo wengi hunaswa: yai limecheleweshwa tu, litatoka baadaye mwezi huohuo. Ukikutana tena na mwenzako siku 3 baadaye bila kinga, P2 ya juzi haikulindi. Tumia kondomu, na kama unataka vidonge vya kila siku, sindano ya miezi mitatu au kipandikizi, unaweza kuanza siku ileile uliyomeza P2, ukiongeza kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Ukiwa umemeza ulipristali, subiri siku 5 kwanza ndipo uanze.

Wapo wanaoinunua kila wikendi. Sikatai kuwauzia, wala siwatishi kwa uongo kwamba kizazi kitaoza. Ninawaambia ukweli: damu itawavurugikia, na kwa mwaka mzima P2 inalinda vibaya kuliko njia yoyote ya kawaida ya uzazi wa mpango.

Baada ya kumeza unaweza kuumwa kichwa, kuhisi uchovu, matiti kuuma, au kuona matone ya damu. Matone hayo ndiyo yanayowafanya watu waseme, "Umeona? Imetoka." Hakuna kilichotoka. Ni homoni imeusukuma mzunguko wako, na hedhi inayofuata inaweza kuja mapema au kuchelewa siku kadhaa.

Vidonge vya kutoa mimba ni dawa nyingine kabisa

Hivi ni vya mtu ambaye tayari ana mimba. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni mifepristoni, iliyogunduliwa Ufaransa na kuruhusiwa huko mwaka 1988. Mimba hushikiliwa na homoni inayoitwa projesteroni. Mifepristoni huizuia homoni hiyo, na mimba hukosa kinachoishikilia. Ya pili ni misoprostoli, inayotumiwa siku moja au mbili baadaye, ambayo huufanya mfuko wa uzazi ubane na kuitoa mimba. Tumbo huuma sana, kuliko hedhi ya kawaida, na damu hutoka kwa wingi na mabonge. Ukiilinganisha na P2, inayomwacha mtu na kichefuchefu kidogo kisha akaenda kazini, utaona kwamba dawa hizi hazikaribiani hata kidogo.

Zote mbili zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 2005, na mwongozo wa shirika hilo unazikubali hadi wiki 12 za mimba, zikihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Misoprostoli peke yake ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na leo huokoa akina mama wanaovuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua. Mama aliyepewa misoprostoli wodini asidhani amefanyiwa jambo la siri.

Mimi sizitoi dawa hizi dirishani bila cheti cha daktari, na nitakueleza kwa nini, usije ukadhani ninakuhukumu. Kwanza, lazima ijulikane mimba ina wiki ngapi. Pili, lazima ijulikane iko wapi. Mimba iliyotunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, haitolewi na vidonge hivi. Damu inaweza kutoka, mwanamke akadhani yamekwisha, kumbe mrija unakaribia kupasuka. Tatu, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au aliye na koili ndani, anahitaji mtu aliyefundishwa. Maswali haya hayaulizwi na muuzaji wa mtandaoni anayekutumia vidonge na boda.

Na hapo niseme jambo ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulijua kuliko watu wa bara. Misoprostoli huharibiwa na unyevu. Inatakiwa ikae ndani ya karatasi yake ya alumini mpaka dakika ya kuitumia. Vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti au kutiwa kwenye kibahasha, kwa joto na unyevu huu wetu, hujui vimebaki na nguvu gani, hata kama vilikuwa halali vilipotoka kiwandani. Na kuna wanaouza kidonge chochote cheupe.

Sheria inasemaje

P2 ni halali Kenya na Tanzania, na hapa Kenya huhitaji cheti kuinunua. Hakuna askari anayeweza kukukamata kwa kuwa na P2 mkobani.

Kutoa mimba ni jambo jingine. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kuwa mtaalamu huyo anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki mwenye leseni na mafunzo yanayofaa. Kwa maneno mengine, si lazima umpate daktari bingwa, lakini pia si mimi wa dukani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwanamke aliyepata mimba kwa kubakwa anaweza kupata huduma hiyo iwapo mtaalamu ataona afya yake, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Tanzania ni kali zaidi: sheria inatambua kuokoa uhai wa mama. Ukiwa Tanga au Zanzibar, usifuate ushauri ulioandikwa kwa Mombasa.

Kwa aliyebakwa, dakika zina uzito kuliko mambo yote niliyoyaandika hapa. Nenda hospitali kwanza. Huhitaji kupitia kituo cha polisi ndipo utibiwe. Hapa Mombasa, Coast General ina kituo maalumu cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na P2 haikingi HIV wala ugonjwa wowote wa zinaa. Ukishindwa kutoka nyumbani, piga 1195, nambari ya Kenya ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Simu ni ya bure.

Damu ikizidi

Hili ni kwa yeyote, awe ametumia vidonge, awe mimba imeharibika yenyewe, awe rafiki anayemwangalia mwenzake chumbani. Pedi kubwa 2 zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata vilevile, ni hospitali. Homa inayozidi siku nzima, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali yasiyopoa, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu yanayopanda begani, ni hospitali. Usingoje asubuhi, usingoje mume arudi.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Huduma baada ya mimba kuharibika ni halali, Kenya na Tanzania pia, bila kujali ilianzaje. Ukiweza, mwambie anayekutibu ulitumia nini na saa ngapi; hataki kukushtaki, anataka kujua ni dawa gani iliyomo mwilini mwako kabla ya kukuongezea nyingine.

Kaka uliyetumwa kununua

Wanaume wengi hutumwa, na ninawaheshimu wanaokuja. Lakini muulize mwenzako kabla hujatoka: mlikutana lini, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anatumia dawa gani. Ukifika bila majibu hayo nitakurudisha kwenye simu umpigie. Ukimpelekea P2, mpe na karatasi iliyomo ndani. Na usimwekee kidonge kwenye chakula au kinywaji bila yeye kujua, chochote kile. Huo si msaada.

Baada ya wiki 3

Kama hedhi imechelewa zaidi ya siku 7, au wiki 3 zimetimia tangu mlipokutana, nunua kipimo cha mkojo. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, usikirudie kukisoma jioni. Mstari mmoja na hedhi bado haijaja, pima tena baada ya wiki moja. Mistari miwili, nenda kliniki, umweleze muuguzi tarehe ya hedhi ya mwisho na kwamba ulimeza P2. Mimba hiyo haijaharibiwa na ile dawa, na unaweza kuanza kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo. Kama tumbo linauma upande mmoja tu, sema hilo kabla ya jingine lolote.